Ngoma ya Aliyepatikana

Hapana, Tabu. Usiniambie mambo yameisha kwa sababu Mzee Majura, yule mpiga ngoma niliyekutajia kwenye simu, hajalalamika. Mtu kunyamaza siyo kusamehe. Unanipigia simu toka Manyamanyama huko Bunda, unasema kikundi chenu cha shule mnataka kuigiza ile kazi yangu, na mnataka na ile ngoma ya mwisho niliyoiondoa, eti bila ngoma mwisho unapoa. Ni kweli unapoa. Uache upoe. Nimekukatia simu kwa hasira, mdogo wangu, ndiyo maana nimekaa hapa Iringo, Musoma, naandika. Nimekupita miaka saba tu, lakini leo nivumilie nikuite mwanangu, maana haya ni maneno mtu anamwambiaga mwanae.

Nakumbuka Jumamosi ile ya mazoezi kama vile bado naisikia. Wewe ulikuwa darasa la saba, ukaambiwa tu kwamba dada ametunga kitu kizuri. Ilikuwa opera fupi, dakika ishirini, mwanzo mpaka mwisho inaimbwa, hakuna kuongea. Waimbaji wanne, kinanda, zeze, na ngoma moja. Mama, mtoto wake mvuvi, jirani, na Ziwa. Ndiyo, Ziwa nalo lilikuwa linaimba, sauti ya nne, na aliyeliimba alikuwa na tumbo mpaka wenzake wakamwambia, "Wewe, samaki wote wa Mwigobero wamehamia humo?" Tulicheka sana. Hatukuwa na aibu ya kucheka.

Nasema hivyo kwa sababu hadithi yenyewe sikuitoa kichwani. Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile, kijana mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya ziwa, Masatu, alikuwa ameenda kuvua dagaa na wenzake wawili. Upepo ukaugeuza mtumbwi. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakufika, na hakuonekana. Mimi nilibadilisha jina, nikaona heshima hiyo inatosha.

Sasa elewa jambo moja, maana nyie wa Bunda hamjakaa ufukweni. Kule aliyezama asipoonekana hazikwi. Anasubiriwa. Mama yake kila asubuhi alikuwa anashuka majini kuuliza wavuvi, na kila mtumbwi ukipita unapunguza mwendo, watu wanachungulia kwenye matete. Akipatikana, ngoma ya kanisa inapigwa: mapigo mawili mazito, kimya, mawili tena. Mlio huo haupigwagi kwa jambo lingine. Wakiusikia, wanawake wanatoka na mikeka na wanaume wanashika majembe, hakuna anayeuliza.

Mimi nilitaka mlio huo mwishoni mwa opera yangu. Na ngoma ile haitokagi kijijini, kwa hiyo nikawabeba waimbaji wote kwa boti, tukafanya mazoezi ndani ya kanisa lao.

Mpigaji alikuwa Mzee Majura. Alikuwa ameipiga ngoma ile tangu hata mimi sijazaliwa. Nilipomweleza ninachotaka akaweka fimbo zake chini.

"Binti, huo mlio una mwenyewe. Na mwenyewe ni maiti."

"Shikamoo tena, mzee wangu," nikamwambia, nikijifanya mpole. "Hii ni sanaa. Hapa wote tunajua ni mazoezi."

"Sisi wa humu ndani tunajua. Na wa nje?"

"Piga mara moja tu, niirekodi."

Akanitazama, akatazama daftari langu. "Kwenye kitabu chako maiti anaimba? Huku kwetu huwa ananyamazaga." Waimbaji wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sawa. Basi nipe saa moja. Nimtume mtu apite nyumba kwa nyumba, awaambie leo mlio utapigwa na siyo wa kweli. Aanzie kwa Mama Masatu."

Saa moja, Tabu. Ndicho alichoniomba. Nikaangalia simu: boti ya mwisho kurudi Musoma ilikuwa saa kumi, na ilishafika saa tisa na robo. Nikamwambia, "Mzee, tutachelewa boti. Piga tu, mimi ndiye kiongozi hapa." Wazee wanasema kuuliza si ujinga. Mimi hata kuuliza sikuuliza, jibu nililetewa bure nikalikataa.

Akapiga.

Ilikuwa nzuri. Nakuambia ukweli, ilikuwa nzuri mpaka mikono ikanisisimka. Tukarudia kipande chote mara mbili. Tulikuwa tunaimba, kwa hiyo hatukusikia kilichokuwa kinatokea nje.

Aliyeingia wa kwanza ni Mama Masatu. Miguu imejaa tope la shamba. Mkononi ana sabuni ya mche na shati la bluu lililopigwa pasi, kwapani ameshika kanga mpya. Nyuma yake mlango umejaa wanawake.

"Yuko wapi?" akauliza.

Yule aliyekuwa anaimba sehemu ya mama akaanza kurudi nyuma mpaka akagonga kinanda.

"Jamani, mmemlaza wapi? Nataka nimwoshe mimi."

Mimi ndiye niliyesema. "Mama, samahani. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

Wewe ungesema nini? Mazoezi ya mwanao? Akazunguka kanisa zima, akaangalia nyuma ya madhabahu, akainua na kile kitambaa tulichokuwa tumefunikia kinanda. Ndipo akakaa chini, shati likiwa mapajani, akawa analinyoosha kola. Hakulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa naujua kwenye noti tu.

Na bado hayo hayakuwa mabaya kuliko yote. Wakati sisi tunarudia mara ya pili, wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi nyumbani kwake. Kule kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu; wanaamini litaita mwingine wa nyumba hiyo. Jumapili yake wakakata shina la mgomba, wakalifunga kwenye kanga ile mpya, wakalizika kwa jina la Masatu, sala na kila kitu. Mama yake alikuwa anawaambia, "Mnanizikia mgomba, na mwanangu yuko majini." Lakini aliyezikwa amezikwa. Tangu siku hiyo mitumbwi haipunguzi tena mwendo kwenye matete. Hakuna anayemtafuta. Kama aliibuka mwezi uliofuata, hatutajua kamwe.

Kwa saa moja, mwanangu.

Wazee wa kanisa walituita jioni ya Jumamosi ile ile, boti ilishaondoka. Wakauliza nani aliagiza mlio upigwe. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno Mzee Majura akasema, "Fimbo nilishika mimi." Na mimi nikaufunga mdomo. Nilijiambia nikiongea nitamkatiza mtu mzima. Uongo huo! Nilikuwa naogopa tu. Wakamwambia asiguse tena ngoma ya kanisa. Akatoka bila kunitazama.

Mwezi uliofuata tukaionyesha opera hapa Musoma, ngoma nikiwa nimeitoa, halafu Butiama. Watu walisimama kupiga makofi. Nikatuma rekodi kwenye magrupu yote ya Wasapu, na watu wakaandika hongera, hongera, binti una kipaji. Sikumwambia mtu kwa nini mwisho ni wa kimya. Mmoja alisifia ule ukimya, nikamshukuru.

Kwa hiyo usiniambie ngoma ni ngoma tu. Sikukatazi kutunga. Tunga, mna sauti nzuri na mna muda. Ila ukichukua kitu cha watu, uliza kinafanya kazi gani kwao kabla hujauliza kitafanya kazi gani kwako. Mtu akikuomba saa moja, mpe, boti acha iende. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, maana kosa ukililaza linaamkia kwa mtu mwingine. Mimi langu limeamka kwa mzee wa watu, na kila Jumapili anakaa benchi la nyuma akisikiliza kijana anaipiga ngoma yake vibaya.

Mungu akupe masikio yanayotangulia kalamu yako. Akupe wazee wa kukugombeza, na akupe moyo wa kugombezeka. Nyimbo zako zisimtoe mama yeyote shambani akikimbia.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini nimesoma nilichoandika na naona namfundisha mtu jambo ambalo mwenyewe sijalifanya. Kesho ni Jumapili. Napanda boti ya kwanza Mwigobero, saa kumi na mbili. Nitaanzia kwa Mama Masatu kabla ya ibada, nimweleze nani aliomba mlio ule na nani alikataa kusubiri. Sijui atasema nini, na siendi ili aniambie kitu kizuri. Halafu wakimaliza matangazo kanisani, kabla watu hawajainuka, nitasimama mbele yao niseme tena, Mzee Majura akiwepo.