Swali la Tano

Vaileth alikuja Germantown, Marekani, kwa miezi sita tu, amlee Edna, mtoto wa mama yake mdogo Euphrasia, kisha aanze chuo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikabidhiwa uwanja wa ndege, pamoja na mkoba wa nepi. Siku hiyohiyo Euphrasia aliichukua pasipoti yake, eti isipotee. Sasa ilikuwa 2006, mwaka wa nne. Nepi zilikwisha zamani, Edna ana miaka sita, chuo hakitajwi tena, na pasipoti Vaileth hajawahi kuiulizia. Alilelewa Njombe, ambako mtoto anayemhoji mkubwa huambiwa hana adabu. Adabu hiyo ilimfunga kuliko kufuli.

Aprili ile jirani wa mlango wa pili, mzee Feldman, na mkewe waliwaalika kwenye Pasaka ya Kiyahudi. Kwa desturi yao, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye huuliza maswali manne: kwa nini usiku huu hauko kama usiku mwingine, mbona mkate haukuumuliwa, mbona mboga ni chungu, na kadhalika. Wajukuu wa mzee walikuwa mbali, basi akamfundisha Edna wiki mbili nzima. Euphrasia alifurahi mno, akashona na kitenge kipya. Vaileth alikwenda kwa sababu mtoto alikwenda.

Edna aliuliza yote manne bila kukwama. Mzee akajibu, akisoma kitabu cha ibada ya usiku huo, kwamba walikuwa watumwa Misri, wakatolewa. Kisha akasema mezani pake mtoto ana ruhusa ya kuuliza lolote, na chakula hakiletwi mpaka ajibiwe. Maskini, alidhani ataulizwa habari za vyura wa Farao.

Edna akafikiri, halafu akauliza kwa Kiingereza chake cha shule: "Kwa nini Mama ameficha pasipoti ya dada Vaileth kwenye boksi la viatu?"

Euphrasia alicheka peke yake, akaeleza kwamba ameitunza tu. Mzee akaweka kitabu chini, akamtazama Vaileth.

"Waambie basi, mwanangu," Euphrasia alisema kwa Kiswahili. "Usinitie aibu."

Vaileth alitamani kufunika kombe mwanaharamu apite. Alitamani kweli, maana mama mdogo ndiye aliyemsomesha sekondari. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na si yeye aliyelianza.

"Mama mdogo, utanipa lini?"

"Tukifika nyumbani."

"Nyumbani ni mlango wa pili. Tunakusubiri."

Euphrasia akatoka. Aliporudi, aliiweka pasipoti kando ya sahani ya Vaileth bila kumwangalia. Vaileth akaifungua. Kwenye picha alikuwa na miaka kumi na tisa. Viza ilikuwa imekwisha tangu 2003. Akiondoka nchini hatarudi. Akibaki, popote atakapokwenda atakuwa anajificha. Miaka yote aliamini kinachomzuia ni pasipoti kuwa mikononi mwa mama mdogo.

"Dada, sasa utaenda wapi?" Edna aliuliza.

Vaileth alimtazama mzee, mzee akatazama kitabu chake. Euphrasia alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe mke wa mzee alisimama, akaenda jikoni, akaleta supu.