Tai Nyekundu ya Sudi

Sudi alikuwa mpiga picha wa barabarani, jirani na soko la Kindu, na wachimbaji walimpenda kwa kitu kimoja: tai nyekundu iliyoning'inia kwenye msumari wa kibanda chake. Ukifika kutoka machimbo ya Kampene na vumbi lako, alikufunga ile tai, akakuinua kidevu, akazungusha lenzi ya kamera yake kuukuu taratibu, na picha ikitoka unajiona karani.

Kisha serikali ikapiga marufuku tai, eti vazi la mkoloni, na vijana wa chama wakaanza kuzikata shingoni mwa watu kwa makasi. Sudi akachoma yake siku hiyo hiyo. Angeishia hapo sisi majirani tungemwelewa, nani hakuogopa? Lakini alitoa na sanduku la negatifu, zile filamu anazosafishia picha, akachukua wembe akaanza kukwangua tai, shingo moja baada ya nyingine. Wembe ukawa unateleza na kupanda hadi midomoni. Mkewe Jamila alimwuliza kama kuna mtu amekuja kukagua.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," akajibu, akaendelea. Nina hasira naye mpaka leo.

Mwaka uliofuata shimo lilimfukia mchimbaji mmoja, Assani, kule Kampene, na picha yake pekee, aliyopigwa na Sudi akiwa na ile tai, ilikuwa mfukoni mwake. Alimwacha mkewe Hadidja na mimba. Mtoto alipoanza kusema, Hadidja akambeba mgongoni hadi kwa Sudi.

"Muzee Sudi, unisafishie foto ya Assani. Mutoto hayamuona baba yake hata siku moja."

Sudi angeweza kusema filamu imepotea. Akaisafisha, labda akitumaini wembe haukumfikia Assani. Palipokwanguliwa kwenye filamu hutoka peusi kwenye karatasi: macho ya Assani yalikuwa yanacheka, na chini ya pua shimo jeusi mpaka kifuani.

Hadidja aliipokea. Mtoto alichungulia begani, mama yake akamfunika macho kwa kiganja.

"Umemuchinja," akasema.

"Tai ilikatazwa, mama. Niliogopa."

"Walikuja hapa? Nani alikutuma?"

Sudi alitazama ule msumari mtupu.

"Hakuna muntu, mama."