Sweta Kwenye Jua la Gachoka

Nakumbuka siku moja ya kuvuna ndengu kule Gachoka, jua linachoma mpaka mbuzi wamejificha kivulini, na mimi nimevaa sweta ya shule. Mwanangu, mama yako ameniambia hutaki kurudi shuleni kwa sababu wenzako wa bweni wamekucheka kifua. Basi keti hapa na nyanya yako, kunywa uji, tuongee.

Kwetu Kianjokoma ni baridi, kwa hivyo sweta yangu haikumshtua mtu. Nilipoanza kukua, upande wa kulia wa kifua ulikua kama wa wasichana wengine. Wa kushoto ulikataa kabisa. Nikangoja, wapi. Sikumwambia mtu, lakini moyoni niliogopa sana: nikizaa, mtoto nitamnyonyesha na nini? Nikaamua nitakuwa mtawa, na sisi hata si Wakatoliki.

Huko Gachoka nilikuwa kwa shangazi yangu, dada ya baba. Joto likanizidi nikaanguka shambani. Shangazi akanivua sweta anipoze na maji, akaona. Nililia kwa aibu, yeye akaendelea kunimwagia maji tu.

"Ni hii ndiyo unaficha?" akauliza. "Unaona yule mbuzi mweusi? Chuchu yake moja haijawahi kutoa maziwa tangu azaliwe. Na mtoto wake ndiye anayenimalizia kunde."

Nilikasirika jamani, nani anapenda kulinganishwa na mbuzi? Lakini kicheko kilinitoka katikati ya kilio. Kesho yake akanipeleka dispensari. Muuguzi akanipima, akasema nilizaliwa hivyo, si laana ya mtu.

Mama yako ndiye kifungua mimba wangu. Alinyonya upande mmoja akanenepa mpaka mgongo ukaniuma kumbeba.

Kwa hivyo nisikize vizuri. Jambo la mwili wako usilibebe peke yako, waambie wanaokupenda. Tutaenda na mama yako kwa daktari akuangalie. Ukishakuwa mtu mzima ukitaka kurekebishwa, siku hizi wanaweza, na hilo ni shauri lako. Lakini shule utarudi. Anayekucheka hajakupunguzia kitu.

Sasa lete viganja nikutemee mate ya baraka, vile wazee walivyotubariki sisi. Ukue, mwanangu. Ukue vile Mungu alivyokupanga, na usimwonee mtu haya.