Mngurumo Nyumbani kwa Nelius Ruguru

Nelius Ruguru alikuwa mwanamke wa kwanza katika safu yao ya maduka pale Siakago kufunga mota kwenye cherehani. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu, na stima ilipoingia jengo lao wenzake walisimama mlangoni kutazama sindano ikikimbia bila mguu kukanyaga chochote. Vyumba vyake viwili vya kuishi, nyuma ya duka, vilikuwa na balbu na soketi, na juu ya meza ya kukatia vitambaa ilining'inia taa ndefu ya tyubu. Alitembea kichwa juu siku hizo.

Kitu kimoja kilimkera. Tangu stima iingie, redio ilinguruma kama mzinga uliochokozwa. Mumewe Njiru, aliyezoea kusikiliza habari akitoka kuchunga mbuzi, aliizima akasema, "Mama Linda, hii stima yako imekula redio yangu."

Labda angelizoea jambo hilo, kama si kwaya. Ruguru ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa, na wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kimbeere ulikuwa umerekodiwa, upigwe redioni Jumapili alasiri. Waumini walishakubaliana kwamba wataenda kuusikilizia kwake.

Akaibeba redio hadi kwa Gachoki, fundi aliyefanyia kazi barazani ng'ambo ya soko, mahali pasipo na stima. Gachoki akatia betri, akawasha. Sauti ikatoka safi.

"Redio ni nzima," alisema. "Ugonjwa uko kwa nyumba."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa nyumba ile ndiyo iliyokuwa fahari yake. Alirudi, akaiacha redio kwenye betri, akazima meni swichi, stima ya nyumba nzima ikakatika. Mngurumo ulipungua, haukuisha. Akawasha tena stima na kujaribu kitu kimoja kimoja. Balbu haikuleta neno. Mota ilikwaruza, lakini ilipozimwa ilinyamaza. Alipowasha taa ya tyubu, nyuki wote walirudi.

"Kumbe ni wewe," akaiambia taa, akaizima.

Ukabaki ule mngurumo mwingine. Akaifuata sauti na redio mkononi, akaona inapanda kila alipokaribia ukuta wa hoteli ya jirani yake Muturi. Jiko la Muturi halikuwa na dirisha, na taa zake za tyubu ziliwaka kutwa.

"Muturi, Jumapili zima hizo taa nusu saa tu, tusikie wimbo."

"Mama Linda, Jumapili ndiyo siku yangu. Nitapikia watu gizani?"

Hakumlaumu, hata yeye asingefunga duka siku ya soko. Njiru akashauri watu wapelekwe kwa Gachoki.

"Wanakuja kwangu, Baba Linda," Ruguru alisema. "Watasikilizia kwangu."

Jumamosi alitoka na redio hadi mwisho wa uwanja wa nyuma, mbali na nyaya, chini ya mti wa mukau. Mngurumo ulififia. Akaizungusha redio taratibu, kama mtu anayegeuza sinia, na ilipoelekea upande fulani kelele ikalala kabisa. Tatizo ni kwamba hata mtangazaji sasa alisikika kwa mbali. Gachoki alikuwa amemwambia kwamba redio hupenda waya mrefu na udongo wenye maji. Basi Ruguru akafungua mota kuukuu iliyoungua aliyoipata kwa Gachoki, akauchomoa waya wake wa shaba. Njiru akapanda mti kufunga ncha moja. Ruguru akauzungusha waya mara chache kwenye redio, na ncha ya pili akaifunga kwenye chuma alichokipigilia mahali alipozoea kumwaga maji ya kufulia.

Mtangazaji akasikika kana kwamba ameketi nao. Njiru, bado juu ya tawi, alisema, "Sasa hiyo ni redio."

Jumapili watu walijaa kwenye mabenchi ya kanisa chini ya mukau. Mtangazaji akataja kwaya, akataja Siakago, kisha sauti moja ya mwanamke ikaanzisha wimbo peke yake kabla ya wengine kuipokea. Ruguru hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe kama wengine wanavyoisikia. Sauti ilikuwa nene kuliko alivyodhani, na haikutetemeka.

"Ni wewe huyo?" mama mmoja mzee aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni mimi."

Muturi alitoka na aproni yake, akasimama uani mpaka wimbo ukaisha. Njiru alivua kofia, akaishika kifuani, akawatazama watu mmoja mmoja kuhakikisha kwamba wanasikiliza.

Tangu hapo Ruguru alianza kuitwa kwenye nyumba za watu. Alikwenda na redio ya betri chini ya kwapa, akiwatafutia mahali kelele inapotoka. Watoto wakampa jina la fundi wa redio, na watu wazima wakalifuata. Hakuwahi kuwaambia waliache.