Mkanda Ulioungua Getini

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Tusekile Mwambungu amesimama ziwani, maji yakimfika magotini. Kitenge amekikunja na kukifunga kiunoni. Kamera yake, Zenit ya zamani, inaning'inia shingoni. Mbele yake kuna seng'enge, na ndani ya seng'enge familia moja kutoka Tukuyu inapangwa ipigwe picha.

Wamesimamishwa mbele ya ukuta wa mabati. Juu yake umechorwa mlima wenye theluji na jumba la Kizungu lenye minara. Ukuta umeziba Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone.

"Wamefunika mlima kwa mlima wa rangi," anasema Tusekile. "Tena wameuchora umepinda."

Bustani hii ya starehe, yenye bembea na magari ya umeme ya watoto, ilifunguliwa mwaka jana, 1995. Kabla ya hapo ufukwe ulikuwa wa kila mtu. Tusekile, mwenye miaka thelathini na nne, alianza kupiga picha hapa mwaka 1992, alipopunguzwa kazi ya upimaji wa mpunga kwenye ushirika. Picha moja aliuza shilingi mia tano. Wageni walitaka kitu kimoja: wao, maji na milima.

Sasa mpiga picha wa nje hulipa shilingi elfu sitini kwa mwezi, na haruhusiwi kulipiga picha ziwa. Mandhari, meneja amesema, ni ya bustani.

"Nikamuuliza, kaka, huu mlima uliuleta na lori gani?" anasema Tusekile. "Akacheka. Akasema siku za vitu vya bure zimekwisha."

Lakini kinachomkasirisha zaidi ni picha moja.

Siku ya pili ya Idi, mfanyabiashara wa nguo wa Mbugani, Mudathiri, alileta familia yake mapumzikoni. Watoto walikimbilia bembea. Mama yake Mudathiri, Bi Raudha, aliomba apelekwe kwenye jiwe jeupe lililo ukingoni, mwisho wa bustani. Alizaliwa hapa. Yeye na dada yake walichota maji na kufulia juu ya jiwe hilo, kabla dada hajaolewa ng'ambo, Karonga, Malawi.

Dada huyo macho yanafifia. Bi Raudha alitaka kumtumia picha yake penye jiwe lao angali anaona.

Tusekile akakubali kazi hiyo, akalipa kiingilio kama mgeni, akaipiga kwa siri. Ilikuwa picha ya kumi na mbili. Mkanda una picha thelathini na sita, na kuusafisha ni mpaka Mbeya, kwa hiyo desturi yake ni kutoutoa mpaka uishe.

Wiki tatu baadaye mkanda ulikuwa bado kwenye kamera. Getini, alipotaka kuingia tena, meneja akaamuru kamera ikaguliwe. Mlinzi Oscar, jirani yake Tusekile kijijini, akafungua mgongo wa kamera juani.

"Nikamwambia, Oscar, funga, mwanga unaingia," anakumbuka. "Akaniambia, 'Dada, mimi nimeambiwa nifungue, sijaambiwa nifunge.'"

Mkanda wote uliungua.

Oscar hakatai. "Nilidhani ni kama redio, unafungua, unachungulia, unafunga," anasema, akitazama viatu vyake. "Tangu siku hiyo hajaitikia salamu yangu."

"Nitaitikia vipi?" anajibu Tusekile. "Anakuja asubuhi, 'Ugonile, dada,' ananiuliza nimelalaje. Nimelala saa ngapi, Oscar?"

Na hasira nyingine anaielekeza kwake mwenyewe. "Kwa kubana matumizi nilimweka bibi wa watu kwenye kamera wiki tatu. Ningeutoa siku ileile, angekuwa Karonga sasa."

Mjini Mbugani, Bi Raudha, mwenye miaka sabini na sita, amekaa barazani, miguu imevimba. Hana maneno mengi.

"Picha ikichelewa, dada yangu atashika karatasi tu," anasema.

Mudathiri alikwenda kuomba ruhusa. Alijibiwa kwamba mama anaweza kupigwa picha ukutani, kwa bei nafuu.

"Ukutani?" anauliza Bi Raudha. "Dada yangu atauliza nimehamia wapi."

Jumamosi ijayo atarudi ufukweni, lakini hatapita getini. Yakobo, mvuvi wa kabila la Wakisi, atampakia kwenye mtumbwi kutoka gati la wavuvi, na kumpeleka hadi usawa wa jiwe. Tusekile atakuwa kwenye mtumbwi wa pili. Ziwa, anasema, bado hajasikia limeuzwa.

Kutoka majini, jiwe litaonekana nyuma ya bibi, na milima juu yake. Pembeni utaonekana pia mgongo wa ule ukuta, mabati matupu yenye kutu.

"Nao uwemo," anasema Tusekile. "Dada yake ajue."

Tayari ameshanunua mkanda mpya, picha thelathini na sita. Atapiga moja, aurudishe ndani ya kopo lake papo hapo mtumbwini, na kupanda basi la Mbeya akiwa bado na nguo mbichi.