Kidole Kimoja Juu ya Mfupa wa Watiri

Kanuni ilikuwa fupi: mwanafunzi hamtibu mtu bila msimamizi, na maumivu yanayofunikwa kwa ncha ya kidole kimoja hayasuguliwi, mgonjwa hupumzishwa, akapigwe picha ya mfupa. Bi Kabura, mhadhiri wao, aliirudia hadi darasa likawa linaitamka kabla yake. Ngatia ndiye aliyeitamka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini kwao, karibu na uwanja wa michezo wa Ruring'u, hakuwa mwanafunzi. Kanisa lilikuwa limemfanyia harambee ya karo, na kwa watu waliochanga, kijana anayesomea misuli na viungo ni daktari, basi. "Dakitari amefika," akina mama walisema ibada ikiisha, huku wakimsogezea magoti yao. Angeweza kuwaambia kwamba yuko mwaka wa tatu wa sayansi ya mazoezi, na hajaruhusiwa kutibu hata kuku. Hakuwaambia. Jina lilikuwa tamu. Akajinunulia fulana nyeupe yenye kola, akashonesha jina lake kifuani, akaanza kuzurura jioni pembeni mwa uwanja na mkoba wa tepu za rangi za kubandika kwenye misuli, kama mganga aliyepungukiwa tunguri.

Huko ndiko Watiri alikomfuata. Alikuwa msichana wa kidato cha nne, mkimbiaji wa mita elfu tatu, na mashindano ya Jumamosi ndiyo yangeamua nani aende kambi ya vijana ya taifa.

"Dakitari, mguu inaniuma." Akaweka kidole kimoja juu ya mfupa wa mbele, chini ya goti.

"Hapo tu?"

"Hapa tu. Hata nikikaa."

Ngatia alijua. Hilo ndilo la kuudhi, hakuwa mjinga. Alikiona kile kidole na kanuni ikamjia neno kwa neno. Ila kocha Mwai alikuwa amesimama hapo, na wakimbiaji wamewazunguka.

"Ama apelekwe apigwe picha?" Mwai akauliza.

"Ya nini, mwalimu? Ni misuli imekaza. Huko watamwambia akae nyumbani mwezi mzima."

"Na Jumamosi?"

"Atakimbia. Ama mimi nasomea nini?"

Njoki, mkimbiaji mwenzake Watiri, akacheka. "Shosho yangu, mamake mama, husugua watu na mafuta ya kondoo, na hata hajaenda chuo."

Kicheko kile kilimtia Ngatia ukaidi. Akausugua mfupa hadi msichana akatokwa na machozi, kisha akabandika tepu ya buluu kutoka goti hadi kifundo, nadhifu kama zawadi ya harusi. Watu wakaipiga picha kwa simu.

Jumamosi, katika mzunguko wa sita, mfupa ulikatika konani. Ngatia alikuwa kwenye utepe wa mwisho, mkoba begani, akingoja kupigwa picha pamoja na mshindi. Alipomfikia, Watiri alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili.

"Ulisema ni misuli," akamwambia.

Mwai alimtazama Ngatia. Wote walimtazama.

"Mimi ni mwanafunzi tu," Ngatia akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka hilo katika uwanja ule.

Watiri alitiwa chuma mguuni, akakosa kambi, na hajakimbia tena. Chuo kilimsimamisha Ngatia mwaka mmoja.