Siku Nilipotoboa Kioo Mbele ya Wakwe

Sikupenda kuisema hii aibu kwa kinywa yangu mwenyewe, lakini kwa kuwa Kindu muzima wanaisema na wanaongeza chumvi, afazali muisikie kwangu, halafu mucheke vizuri.

Marehemu baba aliniachia akwariyomu, ile sanduku kubwa ya kioo ya kufuga samaki. Wakati wa vita, tulipokimbilia Kibombo, tuliifukia ndani ya makapi ya muchele, na tuliporudi nyumba haikuwa hata na mulango, lakini sanduku iko, ubavu mumoja mufupi tu njo ulipasuka. Shemeji yangu Salehe, kaka ya bibi yangu, mama ya watoto wangu, akaweka kioo ingine aliyotoa kwenye jeep iliyoachwa kando ya reli. (Yeye mwenyewe! Mukumbuke hilo.)

Sasa mwaka huu nikaweka kambale wa muto Lualaba, na tiyo, mupira wa maji, kutoka pipa ya juu, maji mapya yaingie pole pole. Yaliingia kweli, ila hayakuwa na njia ya kutoka, kila asubuhi saloni, chumba ya wageni, imekuwa ziwa. Bibi yangu akasema, "Baba Zaina, pitisha mupira juu ya ukingo, uvute maji wenyewe, yatoke inje. Ao uhamishe samaki kwenye pipa ya plastiki." Mimi nikaona mupira unaoninginia utatuchafulia nyumba, na wakwe walikuwa njiani kuja kumuposa binti yetu Zaina kwa ajili ya kijana wao.

Salehe akasema, "Toboa tu ule ubavu mufupi, karibu na ukingo, maji yakifika pale yatoke. Mashine ya kutoboa niko nayo."

"Kioo haitapasuka?"

"Shemeji! Kioo ni kioo. Miye njo fundi."

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi wakati wageni wamekwisha kukaa kwenye mikeka, pilau mbele yao, mujomba wa kijana anasafisha koo aanze kusema. Mutu mwenye akili angengoja kesho. Mimi nikaomba ruhusa "kidogo tu" (nilitaka waone nyumba ya watu wa maendeleo, mushenzi mimi), nikapunguza maji mupaka nusu, samaki nikawaacha humo humo, nikabonyeza mashine, Salehe nyuma yangu.

Ndugu zangu, kioo haikupasuka, ilimwagika! Paa! Vipande vidogo vidogo kama mahindi, maji yote chini, pilau inaelea, na kambale mukubwa akaingia chini ya kitenge ya shangazi ya kijana, yule mama na heshima zake zote akaruka juu ya kiti, "Nyoka! Nyoka, jamani!"

Mujomba, dereva wa malori, akaokota kipande. "Papa, hii ni kioo ya motokari. Haitobolewe hata siku moja. Ukiigusa na mashine tu, inaanguka yote."

Nikamugeukia Salehe. "Ulijua?"

"Lakini shemeji, hukuniuliza ilikuwa kioo ya nini."

Hukuniuliza! Mutu aliyeiweka mwenyewe!

Wakwe wakaondoka nguo zinachuruzika, posa haikutamkwa, na Zaina alininunia mupaka Ijumaa iliyofuata, waliporudi kwa sababu kijana aligoma kula. Arusi ikafanyika, alhamdulillahi. Na pale arusini nani alishika mikro, ile ya kupaza sauti? Salehe! Akaeleza eti yeye njo aliokoa samaki, watu wakamupigia makofi, na miye nimekaa pale kama mualikwa.

Samaki sasa wako kwenye pipa ya plastiki. Sitatoboa tena kitu yoyote katika maisha yangu, hata nazi. Na Salehe akija kunisalimia, namupekua kwanza mulangoni, asiingie na mashine.